Siku Mama Yako Alipoacha Kuacha Mapengo

Nakunda mwanangu,

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye asubuhi tu umemwamkia na akakuitikia. Wewe na mama yako mmekwenda Shighatini kumuaga bibi yako, nami nimebaki hapa Same peke yangu. Upepo unacheza na mabati kama kawaida yake, na sanduku lako limesimama karibu na mlango. Nimelizunguka mara kadhaa kama mtu aliyepoteza kitu. Mwishowe nimeona afadhali nikae niandike. Nitakupa barua hii kesho stendi, uisome basi likishaondoka.

Habari za kuchemsha maji, kuficha fedha na kuchagua marafiki mama yako ameshazimaliza, na kwa mpangilio mzuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Sizirudii. Nataka kukusimulia jambo la zamani, kwa sababu juzi ulipokuwa umekaa naye kwenye kompyuta nilikusikia ukimwambia, "Mama, wanasema kule chuoni watu wanabofya tu, kila kitu kinajipanga chenyewe. Hii yako ya kuandika amri ni ya kizamani." Mama yako alicheka akasema, "Haya, ukifika utuletee hiyo ya kubofya."

Huenda ulisema kweli. Lakini mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Programu hiyo unayoiita ya kizamani ina sehemu kubwa katika sababu ya mimi kuwa ndani ya nyumba hii, na hakuna aliyewahi kukwambia.

Nilipangiwa kufundisha fizikia hapa nikiwa kijana, nimeshuka kutoka kwetu milimani na sanduku la bati na koti moja ambalo joto la huku tambarare halikunipa nafasi ya kulivaa. Ulikuwa wakati wa dhiki. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na hata chaki tulikuwa tunapokezana vipande. Kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja kwa kidato kizima, tena kilikuwa kimepotea jalada na kurasa za sumaku. Kila nilichotaka wanafunzi wakisome nililazimika kukiandika ubaoni, au kukipeleka ofisini kikachapwe kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta, na kudurufiwa upande wa pili wa karatasi zilizokwisha tumika.

Ofisini ndipo alipokuwa Naomi, karani wa taipu, binti wa Kigweno aliyekuwa akizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya kwao hata mimi Mpare wa kusini nikawa namwomba arudie. Siku ya kwanza nilimpelekea mtihani wangu, akausoma juu mpaka chini kisha akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Mwalimu, huyu mdudu ni nini?"

"Si mdudu. Hiyo ni omega."

"Taipu yangu haina omega."

"Basi acha pengo. Nitaijaza mwenyewe kwa mkono."

Akaacha pengo. Akaacha na lingine la alama ya mzizi wa namba, na lingine la sehemu, na nusu ukurasa mzima wa mchoro wa saketi. Aliponirudishia stensili aliniambia, "Mapengo yako ni mengi kuliko maneno." Nikachukua kalamu ya chuma nikaanza kuchora betri na waya, na kabla sijafika kwenye swichi stensili ilikuwa imechanika. Stensili zenyewe wakati huo zilikuwa kama dhahabu. Mama yako alitoa kwenye droo kichupa cha rangi ya kucha, ambayo nina hakika hakuwahi kupaka ukucha hata mmoja, akaziba palipochanika, akapuliza pakakauka, kisha akachukua kalamu mkononi mwangu.

"Mkono wako mzito," alisema. "Wewe niambie, mimi nichore."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nikisimama nyuma ya kiti chake nikisema waya unakwenda huku, unapinda pale, na yeye akichora. Miezi ilipita, mitihani ikaisha, nami nikawa bado natafuta visingizio vya kupeleka michoro. Siku moja tulisahau kujaza mapengo ya swali zima, labda kwa kuwa tulikuwa tunaongea mambo mengine. Karatasi ikadurufiwa, wanafunzi wakapewa, na swali likawa linawataka watafute thamani ya nafasi tupu ikiwa nafasi tupu ni sawa na nafasi tupu. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hewa inahesabiwa. Darasa zima lilicheka, na jioni nilipomsimulia mama yako tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mwaka uliofuata tulioana, na baadaye ukaja wewe.

Sasa nifike pale ambapo sikufanya vizuri.

Ulipofunguliwa mlango wa biashara, nchi ilibadilika mbele ya macho yetu. Vitu vilivyokuwa havionekani vikajaa madukani: redio kaseti, viatu, sabuni za kunukia, mitumba ya kila rangi. Mshahara wa mwalimu haukubadilika, ila sasa kila mtu alikuwa anaona asichoweza kununua. Wenzangu walianza kuacha chaki mmoja mmoja. Aliyekuwa akifundisha jiografia akanunua mashine ya kusaga. Mimi nikaanza kujiona mjinga kila ninapoingia darasani. Ndugu yangu mmoja akaniambia kuna chumba cha duka Hedaru, kando ya barabara kuu, malori yanasimama hapo mchana na usiku, anayelala njaa Hedaru amependa mwenyewe.

Nikaandika barua ya kuacha kazi nikaipeleka. Kisha nikarudi nyumbani nikamkuta mama yako barazani anachambua maharage ya makande, wewe umelala kwenye mkeka kando yake. Nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Umeshaipeleka?"

"Nimeipeleka."

"Na nyumba?"

Sikuwa nimefikiria nyumba. Ilikuwa nyumba ya shule, na ilikuwa kwa jina langu. Mama yako akaendelea kuchambua maharage. Kabla mwezi haujaisha mlikuwa mmehamia chumba cha kupanga mjini, yeye bado akienda ofisini kila asubuhi, na mimi nikiwa Hedaru nauza betri, mafuta ya taa, na vitunguu kwa gunia. Wewe Hedaru unaikumbuka kwa pipi. Nilikuwa nakuja Jumamosi na mfuko wa pipi, na ulikuwa ukinikimbilia, na nilidhani hiyo inatosha.

Mama yako na mimi tulikuwa tukigombana kila Jumamosi, kwa sauti ya chini ili usisikie. Tulikuwa tukigombania chumvi kwenye mboga, shati ambalo halikufuliwa, mtu aliyekuja dukani. Sikuelewa ugomvi ule ulikuwa unatoka wapi.

Katika kipindi hicho ndipo kompyuta ilipokuja shuleni. Ililetwa na Mwalimu Pita, kijana wa Kizungu aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Ilikuwa moja tu, na hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa yeye na mama yako. Kwenye diski alikuwa na programu inayoitwa LaTeX, ambayo mwisho wake unaandikwa X lakini wenyewe wanatamka kama k. Mama yako alinieleza Jumamosi moja, macho yanang'aa, namna inavyofanya kazi: unaandika maneno ya kawaida, na panapotakiwa alama unaandika jina lake, ukilitangulizia kimstari kilichoegemea kushoto. Ukitaka omega unaiita kwa jina, inakuja. Ukitaka sehemu, unaiambia juu pakae nini na chini pakae nini. Mchoro nao unauandika: anzia hapa, nenda kulia hatua kadhaa, panda, weka duara, weka mshale. Skrini haikuonyeshi kitu ila maneno yako. Unaipa amri, unangoja, kisha ndipo unaona ulichosema kimekuwa nini.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Yaani unaandika maneno ili yakuandikie maneno mengine?" Nikacheka, nikageukia redio niliyokuja nayo nikaanza kutafuta stesheni. Mambo mengi niliyoyasema wakati ule nimeyasahau, lakini hilo sijalisahau, kwa sababu niliona uso wake ukizimika.

Alikuja Hedaru mara moja tu katika muda wote niliokuwa kule. Ilikuwa siku ya soko, jua kali, malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Nilimwona anashuka basi peke yake, amejifunga kitenge kwa vumbi, nikadhani wewe unaumwa. Alinisalimu, akaingia upande wa wateja, akaweka karatasi juu ya meza ya duka.

Ulikuwa mtihani wa fizikia wa kidato cha nne. Nikauangalia, nikauinua, nikauelekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Saketi ilikuwa imenyooka kama imechorwa na mtu ambaye mkono wake hautetemeki. Mizizi ilifunika namba zake barabara. Omega zilikaa kwenye mistari pamoja na maneno mengine, si zile zangu zilizokuwa zikining'inia. Hapakuwa na pengo hata moja.

"Nani amechora?" nikauliza.

"Hakuna aliyechora. Nimeandika."

"Picha unaiandikaje?"

"Nilikueleza, ukawa unatafuta stesheni."

Mteja akaja akataka betri za tochi. Nikampa, akaondoka. Mama yako akanyoosha kidole kwenye swali la tatu.

"Hili ni lako. Nimelikuta kwenye stensili ya zamani, alama hazikujazwa. Nimezijaza mimi kwa nilivyokuwa nikikusikia ukisema. Angalia kama nimepatia."

Nikalisoma. Alikuwa amepatia karibu zote, amekosea moja, ameweka alama ya mkondo wa umeme mahali pa alama ya nguvu. Nikatafuta kalamu chini ya meza ya duka nikamrekebishia pembeni. Ulikuwa umepita muda mrefu sijaandika chochote cha fizikia. Mama yako akaikunja karatasi.

"Nitaibadilisha," akasema. "Ni neno moja tu, mchoro mzima unabaki. Zamani tungechana stensili."

Akapanda basi la kurudi. Hakuniambia nirudi nyumbani.

Nikikwambia nilirudi kwa sababu ya karatasi ile peke yake nitakuwa nakudanganya. Msimu ule mvua zilikata barabara, na vitunguu vyangu vilioza ndani ya magunia nikivinusa. Lakini hata kabla havijaoza nilikuwa tayari nafunga duka mapema na kuchora saketi nyuma ya maboksi ya betri.

Nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa. Serikali ilikuwa inapunguza watu, haikuwa inaajiri. Mkuu wa shule alinipokea kama mwalimu wa muda, bila nyumba, bila uhakika wa mwaka ujao, na niliwakuta vijana niliowafundisha wamenipita cheo. Nilikuwa nikiingia chumba cha walimu naangalia chini. Kitu kilichonisaidia kuinua kichwa ni saa zile za mchana baada ya vipindi, mama yako akiwa kwenye kompyuta na mimi nimesimama nyuma ya kiti, nikisema waya unakwenda huku, unapinda pale.

Mwalimu Pita alikuwa ameshaondoka na kutuachia ile mashine. Tukaanza kuandika kijitabu cha mazoezi ya fizikia. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tulifanya kazi siku ulipokuwepo. Nami nikajifunza amri zile, polepole, kwa mikono iliyozoea kupima mafuta ya taa. Siku ambazo tulipishana mama yako aliniachia maneno ndani ya kazi yenyewe. Kuna alama ya asilimia, unajua, ukiitanguliza kwenye mstari programu haiuchapi mstari huo. Nilikuwa nikifungua sura ya mwanga nakuta: Mwalimu, kioo hiki umekigeuza. Au: makande yako kwenye sufuria ndogo, Nakunda ana homa, wahi. Ukaja kujifunza na wewe, ukachora nyumba kwa amri, mlango ukatokea nje ya ukuta, ukasema wataingilia dirishani.

Siku moja programu iligoma. Iliandika kosa liko mstari fulani wa chini. Niliusoma mstari huo mpaka nikauchukia, haukuwa na kosa lolote. Nikaubadilisha hata hivyo, nikaharibu. Mama yako akaniambia niinuke. Akapanda juu, ukurasa hadi ukurasa, akakuta bano moja nililifungua mwanzoni kabisa nikasahau kulifunga. Alilifunga, kila kitu kikatulia.

"Huwa inalalamika pale inaposhindwa," alisema. "Si pale ulipokosea."

Alikuwa anazungumzia programu. Lakini mimi nilikumbuka zile Jumamosi za chumvi na mashati, nikajua ugomvi wetu ulianzia barazani, siku niliyomletea habari ambayo tayari ilikuwa imekwisha.

Kijitabu tulikimaliza. Mama yako alitoa utepe kwenye printa, akapitisha stensili, ile sauti ya kukwaruza ikasikika mpaka bwenini, tukadurufu. Kilifika shule kadhaa za milimani. Kisha mtaala ukabadilika, vikaja vitabu vya rangi kutoka mjini, chetu kikasahaulika. Mwaka jana nilinunua karanga Hedaru nikapewa zimefungwa kwenye ukurasa wa sura ya nne. Saketi ilikuwa bado imenyooka. Sikuumia kama nilivyotegemea.

Imebaki moja, nayo ndiyo iliyonikalisha hapa.

Kabla kijitabu hakijaisha, alikuja mhadhiri mmoja kutoka chuo kikuu, mama wa makamo, kukagua wanafunzi wake waliokuwa mazoezini shuleni kwetu. Aliuona mtihani kwenye ubao wa matangazo akauliza umechapwa wapi. Walipomwonyesha mama yako, alikaa naye ofisini mchana mzima. Alimwambia idara yao ina watu wengi wanaoandika hesabu na hakuna anayejua kuzipanga hivi, na kama yuko tayari kuhamia Dar es Salaam, yeye atamsemea.

Mama yako aliniambia jioni tukiwa tunakula. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza habari za jirani. Mimi nikasema, "Ndiyo kwanza nimerudi." Kisha nikasema, "Na Nakunda yuko darasa la sita." Hayo tu. Mama yako akasema, "Basi," akanawa mikono. Wiki iliyofuata yule mhadhiri aliondoka na jibu lake.

Sikumkataza. Kwa miaka mingi nimejifariji kwa hilo, kwamba sikumkataza. Lakini pia sikumuuliza anataka nini. Mara ya kwanza niliamua bila yeye, mara ya pili nilimwacha aamue bila mimi, na zote mbili niliona nimefanya kama mwanamume anavyotakiwa.

Leo asubuhi, wewe ukiwa unafunga viatu, nilimfuata jikoni nikamuuliza. Nilimwambia, "Mama Nakunda, ile kazi ya chuoni, uliitaka?"

Alikuwa anafunga chapati za bibi yako kwenye kitambaa.

"Ungeniuliza siku ile," akasema, "ningekwambia fungeni mizigo twende wote watatu."

Kisha akakuita mkaondoka.

Nimeshinda na jibu hilo mchana kutwa. Sikwambii uende ukaishi maisha ambayo mama yako hakuyaishi. Hayo yamepita, na wewe unakwenda kwa ajili yako. Ukikuta kule wanabofya, bofya. Ukikutana na mtu wa kuishi naye, usimletee habari iliyokwisha kama nilivyofanya mimi.

Nina ombi moja. Ukishatulia, tafuta ile idara. Panda ngazi zake, uone wanaochapa mitihani wanakaa chumba gani, madirisha yao yanatazama wapi, kuna kelele au kumetulia, wanatumia programu gani na wanailalamikia nini. Kisha umwandikie mama yako, umweleze yote, usiache kitu. Usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie yeye.

Atanisomea kwa sauti, kama anavyosoma barua zote, nami safari hii nitasikiliza.

Safari njema, mama.

Baba yako